Kiwanda Kikifunguliwa Tena na Jina Lako Halimo

Mkoani Njombe kazi nyingi husimama na kuanza tena. Kiwanda cha chai hufungwa bei ikishuka mnadani au boila ikiharibika, mitambo ya kufungasha parachichi huzimwa msimu ukiisha, kiwanda cha mbao hukosa magogo, na hoteli ya kando ya barabara kuu pale Makambako hufungwa kwa ukarabati au kwa deni. Huko Lupembe, mgogoro kati ya ushirika wa wakulima na mwekezaji uliwahi kukisimamisha kiwanda cha chai kwa muda mrefu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kubaki zimefungwa hadi Juni, shule binafsi nchini kote zilijikuta katika hali hiyohiyo. Utaratibu wake unafahamika. Tangazo hubandikwa getini kwamba kazi zimesimama hadi hapo mtakapotangaziwa, watu wanarudi makwao, na baada ya wiki au miezi simu zinaanza kupigwa. Fulani ameitwa, fulani naye ameitwa, wewe hukuitwa. Ukiuliza unaambiwa usubiri. Wengi wanaoachwa hivyo huamini kwamba dhuluma, kama ipo, ilitendeka siku geti lilipofungwa, na kwa kuwa siku hiyo imepita wanaona hakuna la kufanya. Ninataka kuonyesha kwamba mbele ya sheria ya Tanzania Bara siku nzito zaidi ni ile geti linapofunguliwa, na kwamba anayeijua siku hiyo ana hoja ambayo wafanyakazi wengi hawajawahi kuitumia.

Hoja yenyewe imo katika kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinataja mambo yanayohesabiwa kuwa ni kusitishwa kwa ajira, na mojawapo ni hili: mwajiri amesitisha ajira za wafanyakazi kadhaa kwa sababu ileile au zinazofanana, kisha akajitolea kumwajiri tena mmoja au zaidi kati yao, na mwingine akamwacha. Kule kumwacha, peke yake, kunahesabiwa kuwa ni kusitisha ajira. Afrika Kusini wana kifungu kinachofanana sana na hiki katika sheria yao ya mwaka 1995, na Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 166 la mwaka 1982, linasema kwamba waliopunguzwa kwa sababu za kiuchumi wapewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena watu wenye sifa kama zao, mradi walieleza kwamba wangependa kurudi. Pendekezo halimfungi mtu kama sheria, lakini linaonyesha kwamba wazo hili si la wafanyakazi wakorofi wa mahali pamoja. Uzito wa kifungu chetu unatokana na vinavyokifuata. Ajira ikishahesabiwa kuwa imesitishwa, kifungu cha 37 kinadai iwepo sababu halali na utaratibu wa haki, na kifungu cha 39 kinamwachia mwajiri mzigo wa kuthibitisha vyote viwili. Kazi yako ni kuonyesha kwamba mlisitishwa pamoja, wenzako wakaitwa, nawe hukuitwa. Kwa nini hukuitwa, hilo ni la mwajiri kulieleza.

Hapa huibuka ujanja ambao ni lazima uutambue mapema. Wafanyakazi wakidai mishahara ya miezi ya kufungwa, huambiwa kwamba ajira zao ziliisha siku kazi ziliposimama. Haohao wakidai notisi na kiinua mgongo, huambiwa kwamba hakuna aliyeachishwa, yale yalikuwa mapumziko tu. Majibu haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mshika mawili moja humponyoka. Kama ajira zilisitishwa, basi kuna stahili za kusitishwa, na kuitwa kwa baadhi kunafungua mlango wa kifungu cha 36. Kama ajira hazikusitishwa, mkataba wako uko hai. Ulipokuwa tayari kufanya kazi ulikuwa na haki ya kudai ujira wako, na kazi ikianza tena nawe ukazuiliwa getini, siku hiyo ndiyo umeachishwa, bila notisi, bila sababu, bila kusikilizwa. Jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kuandika madai yoyote, ni kumfanya mwajiri aseme kwa maandishi lipi kati ya hayo mawili ndilo lake. Swali moja fupi kwenye barua linatosha: je, ajira yangu ilisitishwa, na kama ilisitishwa, ni kuanzia tarehe gani? Akijibu, amechagua upande. Akikaa kimya, barua yako yenye muhuri wa kupokelewa inabaki kuwa ushahidi kwamba uliuliza.

Kuhusu mishahara ya kipindi cha kufungwa niseme jambo moja bila kulitia chumvi. Sheria ya 2004 haikumpa mwajiri ruhusa ya jumla ya kumrudisha mfanyakazi nyumbani bila ujira kwa uamuzi wake peke yake. Masharti ya kazi yanabadilishwa kwa kushauriana na kuandika upya. Lakini pande mbili zinaweza kukubaliana kupokea nusu mshahara au kuchukua likizo isiyo na malipo, na mahali penye chama cha wafanyakazi, mkataba wa hali bora unaweza kuwa na kipengele cha kusimamisha kazi kwa muda. Kwa hiyo, kabla ya kudai mwombe mwakilishi wa tawi akuonyeshe mkataba huo. Wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya chai wengi huwakilishwa na TPAWU, wa viwanda na biashara na TUICO, wa hoteli na CHODAWU. Kama mlisaini karatasi ya makubaliano siku ya kufunga, itafute na uisome, kwa sababu huenda ndani yake mliahidiwa kuitwa wote, na ahadi hiyo ni silaha yenu.

Mwajiri anayejua kwamba hatawarudisha wote alikuwa na njia ya wazi ya kufuata. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu anapolifikiria, atoe taarifa zinazohitajika, kisha ashauriane na chama au, pasipo na chama, na wafanyakazi wenyewe, kuhusu sababu za kupunguza, namna ya kuepuka au kulipunguza punguzo lenyewe, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo. Wasipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi. Kufunga geti kwa jina la muda, kisha kuita nusu ya watu kimyakimya, ni kupunguza wafanyakazi kwa kuziruka hatua hizo zote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mnapoitwa kwenye kikao cha kufunga, hata kama mnaambiwa ni wiki sita tu, ombeni mambo mawili yaingie kwenye muhtasari: orodha ya majina ya wote waliokuwa kazini siku hiyo, na utaratibu wa kuitana kazi zikianza kidogokidogo. Nani ataitwa kwanza, kwa kigezo gani, na kwa njia gani atajulishwa? Siku ya kufunga kila mtu yuko upande mmoja, na maswali haya hayamkasirishi mtu. Baada ya miezi mitatu yatakuwa ugomvi.

Wako watakaosema kwamba hii ni kumfunga mwajiri mikono. Kiwanda kilichokuwa na watu 200 kikifunguliwa kwa mashine moja hakiwezi kuwarudisha wote, na mwenye mali ana haki ya kubaki na walio hodari. Nakubali nusu ya hoja hii. Sheria haimlazimishi mwajiri kuajiri watu asiowahitaji, na ni heri kiwanda kifunguliwe na watu 80 kuliko kibaki na kufuli hadi mabati yaote kutu. Kinachodaiwa ni kwamba uteuzi uwe na vigezo vinavyoweza kusemwa hadharani: muda wa utumishi, ujuzi, aina ya mashine iliyoanza kazi, rekodi ya nidhamu iliyoandikwa. Mwajiri mwenye vigezo hivyo hana la kuogopa mbele ya msuluhishi. Anayepaswa kuogopa ni yule ambaye kigezo chake ni kwamba huyu alikuwa katibu wa tawi, yule ana mimba, yule mwingine alilalamikia mizani ya chai mwaka jana, na nafasi zao zimechukuliwa na ndugu za msimamizi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, kabila au mahali mtu anapotoka, dini, siasa, ulemavu, umri na kuishi na virusi vya UKIMWI, na uanachama wa chama cha wafanyakazi hauwezi kuwa sababu halali ya kumwondoa mtu. Kwa hiyo usijipange kwa swali la kwa nini hukuitwa wewe peke yako. Pangeni majina ya walioitwa na walioachwa, mtazame yanafanana kwa lipi. Orodha huonyesha mambo ambayo malalamiko ya mtu mmoja hayawezi kuyaonyesha, hasa nafasi uliyokuwa ukiishika ikiwa imejazwa na mtu mgeni kabisa.

Pingamizi zito zaidi, na ambalo linawahusu watu wengi zaidi Njombe, ni kwamba wengi wa wanaoachwa ni vibarua na watu wa msimu, na kibarua, husemwa, hana haki. Wachumaji wa chai, wanawake wa meza za kuchambua parachichi, wapakizi wa mbao, wote huambiwa hivyo, na wengi wanaamini. Ukweli una pande zake. Kifungu cha 35 kinawatoa katika ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki wale waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule, lakini kinasema muda huo ni kwa mkataba mmoja au zaidi. Mtu aliyepewa mikataba ya miezi mitatumitatu, mmoja baada ya mwingine, hawezi kufutwa kirahisi kwa kuambiwa kwamba mkataba wake wa mwisho ulikuwa mfupi. Tena kifungu cha 36 kina sehemu nyingine inayomfaa: kutokuhuisha mkataba wa muda maalumu kwa masharti yaleyale au yanayofanana nako ni kusitisha ajira, endapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa. Aliyeitwa misimu minne mfululizo ana hoja ya matarajio. Aliyeitwa mara moja hana hoja nzito. Kwa wasio na karatasi yoyote, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinataja dalili ambazo hata moja ikithibitika mtu hudhaniwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama vile kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine au kutegemea ujira kutoka kwake. Na kutokuwepo kwa mkataba wa maandishi kunamwelemea mwajiri zaidi kuliko wewe, kwa sababu kuandika ni wajibu wake, na akishindwa kuleta maandishi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Nieleweke vizuri: sisemi kila kibarua atashinda. Nasema neno kibarua halimalizi mjadala, ingawa linatumiwa kana kwamba linaumaliza.

Pingamizi la mmiliki mpya nalo husikika sana, maana viwanda vinauzwa. Mnaambiwa kwamba mwajiri wenu alishaondoka, huyu hawajui. Hapo ulizeni kilichouzwa ni nini. Kama ni hisa za kampuni, kampuni ni ileile, namba ya usajili ni ileile, na mwajiri wenu hajabadilika hata kama bango la getini limepakwa rangi mpya. Taarifa za kampuni hupatikana BRELA. Kama yaliuzwa majengo na mashine tu kwa kampuni nyingine, hoja ya kuajiriwa tena inakuwa ngumu, na nguvu zenu zielekezeni kudai stahili kwa mwajiri wa zamani kabla fedha za mauzo hazijatawanyika.

Stahili zenyewe ni za hesabu rahisi, na inafaa uijue kabla ya kukaa mezani. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi, usiozidi miaka 10. Mwenye mshahara wa shilingi 260,000, kwa kazi ya siku sita kwa wiki, ujira wake wa siku ni shilingi 10,000. Miaka 8 inampa 560,000, na hata angekuwa na miaka 14 asingepita 700,000. Viwango vya siku 15 kwa mwaka vinavyozungushwa kwenye WhatsApp vimo katika sheria ya Kenya, si yetu, na mtu anayevitaja mbele ya msuluhishi hujipunguzia heshima bure. Mkataba wa hali bora unaweza kutoa zaidi. Ongeza likizo uliyoichuma na hukuichukua, ujira wa siku ulizofanya kazi, cheti cha utumishi, na kama ulichukuliwa Makete au Ludewa ukaletwa kuishi kwenye kambi za shamba, nauli ya kukurudisha wewe na vitu vyako pamoja na posho ya kujikimu wakati unasubiri kusafirishwa. Watu wa msimu wasisahau likizo: kifungu cha 29 kinawapa haki hiyo hata wasipofikisha miezi sita.

Tahadhari iko kwenye saini. Kusaini kwamba umepokea fedha si tatizo. Tatizo ni karatasi inayosema umekubali kwa hiari kuachana na mwajiri na huna madai mengine, au barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na ofisi ili "ulipwe haraka". Makubaliano ya hiari yanaweza kuua madai yako yote, na aliyejiuzulu anajiweka pabaya hata kwa fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi bila kupenda. Kama ni lazima upokee fedha siku hiyo, andika kwa mkono wako, juu ya saini, kwamba umepokea kiasi hicho na hujaachia haki ya kurudi kazini. Anayekukataza kuandika sentensi hiyo ameshakueleza karatasi ile ni ya nini. Na ninyi mlioitwa, msione kwamba hayawahusu: kabla ya kusaini mkataba mpya, dai iandikwe kwamba miaka yenu ya nyuma inaendelea kuhesabiwa, kama hamjalipwa kiinua mgongo chake.

Kuna hofu ambayo hakuna kifungu kinachoiondoa moja kwa moja. Njombe na Makambako ni miji ambayo wasimamizi wanajuana, na anayejulikana kwa kushtaki anaweza kukosa kazi hata mahali pengine. Siwezi kumwambia mama mwenye watoto wanne kwamba hofu hiyo ni ya kufikirika. Ninachoweza kusema ni kwamba hatari hupungua kwa mpangilio. Barua ya kwanza isiwe ya mashtaka. Iseme tu kwamba uko tayari kurudi kazini na unaomba kujua utaratibu wa kuitwa. Iandikwe na watu wengi pamoja, kupitia chama kama kipo. Usuluhishi ni mazungumzo ya faragha, na mashauri mengi yanaweza kuishia hapo kwa watu kurudi kazini au kulipwa. Ukimya nao una gharama yake: msimu ukipita bila mtu kuuliza, uteuzi wa upendeleo unageuka kuwa desturi ya mahali, na aliyeitwa leo kwa kunyamaza anaweza kuachwa kesho kwa namna ileile.

Linalobaki ni muda, nao ndio unaowaangusha wengi. Kanuni za usuluhishi za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa uhalali wa kuachishwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara, ndani ya siku 60. Ofisi ya Tume iko Njombe mjini, kama kilomita 60 kutoka Makambako, na fomu namba moja ya CMA hujazwa, nakala hupelekwa kwa mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea huambatanishwa. Zihesabu siku 30 kuanzia tarehe ya mapema zaidi ambayo mwajiri anaweza kuitaja, yaani siku wenzako wa kwanza walipoitwa. Ndani ya siku hizo kusanya picha ya tangazo la getini, ujumbe wa simu za walioitwa, taarifa yako ya michango kutoka NSSF, miamala ya mishahara benki au kwenye simu, na nakala ya barua yako. Namba za vifungu nilizotumia ni za sheria ilivyotungwa 2004. Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, linaweza kuzipanga vingine, na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yamegusa fidia, kwa hiyo usijiahidi mishahara ya miezi 12 iliyokuwa imezoeleka kabla afisa kazi wa mkoa hajakueleza kiwango cha sasa. Kama siku zimeshapita, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi. Jibu la kwamba ulikuwa unasubiri kuitwa halitoshi likiwa peke yake. Liambatanishe na ujumbe wa msimamizi uliokuambia usubiri, pamoja na tarehe yake.